Kucha, makucha, kwacha: uchambuzi wa ugomvi mmoja katika Soko la Kenya, Lubumbashi

Ugomvi ulianza kwa neno la kazi. Kijana wa verni, yaani rangi ya kucha, alimwambia mteja wake, "Mama, leta makucha," na mteja akaurudisha mkono wake kwenye kitenge. "Makucha? Kwani mimi paka?"

Pahali penyewe ni Soko la Kenya, mjini Lubumbashi, katika eneo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msomaji wa Nairobi asishtuke: Kenya hii ni komini, yaani wilaya ndogo ya mji, jirani na Kamalondo na Katuba. Mteja alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Tanga, mke wa mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Tunduma na Kasumbalesa. Hakuwa na muda mrefu mjini, na pochi yake bado ilikuwa na noti za Zambia zilizobaki njiani. Fundi alikuwa mtoto wa Katuba, mmoja wa vijana wanaozunguka na kisanduku cha chupa za verni wakizigonganisha ili mlio uwatangulie. Karibu yao palikuwa na mwalimu mstaafu anayeuza madaftari, bibi mmoja Mubemba mwenye meza ya samaki wakavu, na wabadilishaji fedha waliojificha nyuma ya vibunda vya franka. Mimi nilikuwa kwa mwalimu. Mwanzo wa kisa nimesimuliwa na pande zote mbili; mwisho wake niliuona kwa macho.

Kijana aliposikia habari ya paka alidhani anataniwa, akacheka. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaongeza: "Makucha ya mama njo mazuri, ni marefu." Kwa sikio la Katuba hiyo ni sifa anayopewa mteja ili alegee. Kwa sikio la Tanga ni tusi la pili juu ya la kwanza. Mama hakuondoka, kwa kuwa bei walikuwa wamekwisha kupatana, lakini kuanzia hapo kazi ilifanywa bila maongezi. Kijana alikata, akasugua, akapaka nyekundu. Vipande alivyokata alikuwa anaviangushia kwenye gazeti kuukuu ili akavitupe.

Hapo ndipo mama alipoutoa mkono. Kama watu wengi wa kwao, na wengi wa huku pia, haachi vipande vya mwili wake kwa mtu asiyemjua, maana huwezi kujua vitaishia kwa nani. Akasema: "Nipe kucha zangu."

Kijana akaruka kwenye kigoda chake. "Kwacha gani? Miye sikukamata kwacha ya muntu!"

Kwacha ni fedha ya Zambia, na neno hilo halipiti bure karibu na meza za kubadilishia fedha. Vichwa viligeuka. Mama, ambaye bado alikuwa na donge la makucha kooni, alifikiri kijana anamfanyia ukaidi, akarudia kwa sauti ya juu: "Kucha zangu! Ulizozichukua sasa hivi mbele ya macho yangu!" Kila neno alilosema lilimtia kijana hatiani zaidi. Mmoja akasema apekuliwe mifuko. Mwingine akakishika kisanduku ili mwenyewe asikimbie nacho. Mama akafungua pochi atoe malipo ajiondokee, noti za Zambia zikachungulia, na umati ukapata ushahidi ulioutaka: kumbe kweli mama wa watu ana kwacha, basi kweli ameibiwa.

Aliyeuzima moto alikuwa bibi wa samaki. Alinyoosha kidole kwenye gazeti lililokuwa chini, akasema kama mtu aliyechoshwa na watoto: "Analomba makucha yake, ile unamukata!"

Kimya. Kisha vicheko. Gazeti likakunjwa, mama akakabidhiwa, akalipa, akaenda zake.

Nani alikosea

Hakuna aliyekosea, na sisemi hivyo kwa ajili ya kuridhisha pande mbili. Kila mmoja alifuata kanuni za Kiswahili chake bila kuteleza hata mara moja, na ugomvi ukatokea kwa sababu hiyo hiyo.

Tuanze na Tanga. Kwa Kiswahili cha pwani, na kile sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kitu kile kigumu kilicho nchani mwa kidole ni ukucha. Vikiwa vingi ni kucha. Ukucha wangu umevunjika; kucha zangu zimevunjika. Makucha yapo pia katika kamusi, lakini yana mwenyewe: simba, chui, paka, mwewe. Ma- hapo haihesabu tu, inakuza na kutisha, kama vile majitu si watu tu na majumba si nyumba tu. Lugha ya magazeti imelizoea: mwanasiasa aliyekuwa mpole siku moja "anaonyesha makucha", timu iliyolala "inaficha makucha", nchi zilipata uhuru "kutoka makucha ya wakoloni". Mtu mwenyewe anayeshindana kwa nguvu zote hupigana "kwa jino na ukucha". Humo ukucha umebaki wa mtu, kwa umoja, bila ma-. Kwa hiyo mama aliposikia fundi akitaka amletee makucha, alisikia anahesabiwa miongoni mwa wanyama. Hasira yake ilikuwa na sarufi nyuma yake.

Sasa Katuba. Kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ma- imeacha kuwa alama ya ukubwa, imekuwa alama ya wingi ya kawaida. Watu wanasema manyumba, manguo, mameza, na hakuna anayewazia nyumba kubwa kupita kiasi wala nguo za majitu. Neno la kigeni likiingia leo asubuhi, jioni limekwisha kuvishwa ma-: kucha za bandia zinazobandikwa kwa gundi wasichana wa mjini wanaziita maongle, kutoka Kifaransa. Umoja mtu anaweza kusema kucha, au lukucha ikiwa ni mzee, na wingi ni makucha, ya mtoto mchanga na ya chui sawasawa. Kijana alitumia neno pekee alilorithi. Alikuwa hana jingine la kuchagua.

Mwalimu mstaafu alisema pale pale kwamba "watoto wa siku hizi wanaharibu Kiswahili". Nampenda mwalimu, lakini hapo anaonea watoto. Kiswahili sanifu chenyewe kina majina ya u- yanayofanya wingi kwa ma-, na hakuna anayelalamika: unyoya, manyoya; ugonjwa, magonjwa; uovu, maovu. Ikiwa unyoya wa kuku unaruhusiwa kuwa manyoya bila kuku kutukanwa, ukucha wa Katuba umekosea wapi? Hata Dar es Salaam mtu atakuambia "kucha yangu imevunjika", ameshaichukua kucha akaifanya umoja, na ukucha amewaachia walimu.

Pumzi iliyopotea njiani

Jambo ambalo halikusemwa sokoni ni kwa nini Katanga ilihitaji makucha. Hapa inabidi tuingie kidogo ndani ya neno.

Ukucha umo katika kundi la majina ambayo wingi wake, zamani, ulifanywa kwa kuondoa u- na kuweka sauti ya puani. Sauti hiyo bado inaonekana mbele ya baadhi ya konsonanti: ubavu, mbavu, udevu, ndevu, ulimi, ndimi. Mbele ya k, p, t imemezwa. Haikupotea yote, lakini: iliacha mpumuo. Mpwani anaposema kucha za vidole, k ile ina pumzi. Weka kiganja mbele ya midomo yake utaisikia. Anaposema kucha kwa maana ya kupambazuka, k haina pumzi. Ndivyo pia wazee wa pwani wanavyotenganisha paa la nyumba na paa wa porini. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo, ndiyo maana aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu tu hajui kama ipo.

Kiswahili kilifika Katanga kwa miguu. Kilikuja na misafara ya karne ya 19, na watu wa Msiri, Mnyamwezi aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891. Kisha kikaingia migodini: kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ukaanza kujengwa mwaka 1910, na wafanyakazi wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi. Watu hao walikuwa na Kibemba chao, Kiluba chao, Tshiluba chao, na katika lugha hizo mpumuo wa aina ile hautenganishi maneno. Waliikamata kucha kama walivyoisikia, bila pumzi.

Ukishaondoa pumzi, ni kitu gani kinachokuambia kwamba kucha ni nyingi? Kimebaki kiambishi cha upatanisho: zangu, zako, zimekatika. Lakini Kiswahili cha Lubumbashi kimelegeza viambishi hivyo pia, na mara nyingi yangu na ile hufanya kazi ya vyote. Pumzi hakuna, z- hakuna: wingi umebaki uchi. Ma- ikauvisha. Mtu anayesema makucha hawezi kueleweka vibaya hata katikati ya kelele za Soko la Kenya, wakati kucha peke yake ni silabi mbili fupi zinazoweza kuangukia popote.

Na siku ile ziliangukia kwenye kwacha. Tazama sentensi ya mama tena: "Nipe kucha zangu." Silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza, sawa na kwacha. Zangu inakubaliana na kucha, na inakubaliana na kwacha vilevile, maana fedha za kigeni huenda na z- hiyo hiyo. Kuhusu mahali, Kasumbalesa iko kama kilomita 90 tu kutoka mjini, na kwacha ni neno linalosikika kila siku kati ya wachuuzi. Kijana hakuwa kiziwi. Alisikia neno lililo la kawaida zaidi masikioni mwake. Kama mama angesema "nipe makucha yangu", hakuna ambaye angefikiria fedha. Neno alilolikataa kwa hasira dakika chache kabla ndilo lililokuwa na uwezo wa kumwokoa, na bibi wa samaki alilitumia hilo hilo kumaliza kesi.

Nadharia za mwalimu

Mama alipoondoka, watu hawakutawanyika. Mwalimu alikuwa amepata darasa. Alieleza kwamba kucha za vidole na kucha ya asubuhi ni neno moja: angalia, alisema, pale ukucha unapoanzia, karibu na ngozi, pana weupe wa nusu mwezi, ndiyo alfajiri ya kidole, na ukucha unakua kutoka hapo kama siku inavyokua. Mwuza soda akaleta yake: hapana, limetoka kwenye kucha ya kuogopa, kama katika kumcha Mungu, kwa sababu makucha huogopesha.

Nadharia zote mbili ni tamu na zote mbili zinaanguka kwa jaribio dogo. Vunja maneno uone viungio vyake viko wapi.

Katika kucha ya alfajiri, ku- si sehemu ya shina. Ni ile ku- ya kula na kunywa, inayobaki kwa sababu shina ni silabi moja tu: -cha. Ndiyo maana tunasema kumekucha na kulipokucha, na "usiku kucha" ni usiku mpaka uche. Katika kumcha Mungu, ku- inatengana na -cha kabisa, m inaingia katikati. Lakini katika ukucha, jaribu kutenganisha ku na cha: huwezi. Kiungio kiko baada ya u-. Shina ni kucha lote zima, na u- ni kiambishi. Maneno yamefika kwenye sauti moja kutoka njia tofauti.

Zile mbili za vitenzi nazo si ndugu wao kwa wao. Kiswahili kimezichanganya kwa sababu k na t, zikifuatwa na sauti ya i na irabu nyingine, zote ziliishia kwenye ch. Waganda hawakufanya hivyo: kwao kupambazuka ni kukya, kuogopa ni kutya. Ndivyo Luganda inavyotuambia kwamba katika Kiswahili kuna -cha mbili zilizovaa shati moja, na ukucha amesimama kando, hahusiki na yeyote kati yao.

Ajabu ni kwamba undugu mwalimu aliokuwa akiutafuta upo, ila mahali ambapo hakuuangalia. Kucha ya alfajiri na kwacha ya Zambia ni damu moja. Kwacha, kwa Kibemba na Kinyanja, ni "kumekucha". Ilikuwa wito wa wapigania uhuru kabla ya Oktoba 1964, na mwaka 1968 Zambia ikaiweka juu ya fedha zake badala ya pauni. Malawi nayo ikafuata mwaka 1971, ikaigawa kwacha yake katika tambala mia moja, na tambala ni jogoo. Alfajiri na jogoo wake katika mfuko mmoja. Nani alisema wizara za fedha hazina washairi? Kwa hiyo kijana alipoisikia kwacha badala ya kucha, alisikia jamaa wa "usiku kucha". Aliyekosa undugu na fedha ile ni kile kipande cha ukucha kilichokuwa ndani ya gazeti.

Bibi wa samaki alikuwa na mchango wake. Aliuliza kwa nini mwalimu anaandika ukucha kwenye daftari huku akizungumza habari za vidole, kwa sababu kwa Kibemba chake ukucha ni kitenzi: uku- ni ku- yetu, na -cha ni ile ile ya alfajiri. Kwa hiyo neno ambalo Tanga inaliona sahihi kuliko yote, mbele ya Mubemba anayejua kusoma linasema "kupambazuka". Katika mji ambamo Kibemba kinasikika kila mtaa, hilo si jambo la kupuuza. Ni sababu nyingine ya makucha kupendwa.

Lile la zamani lililoachwa

Tukiulizwa ukucha ulitoka wapi, kwanza tuseme ulikotoka si Uarabuni. Kwa Kiarabu ukucha ni dhufri, na haufanani hata kwa mbali. Ni kweli kwamba u- peke yake haithibitishi Ubantu, kwa kuwa hata ukurasa umevaa u- na kufanya kurasa, nao ni mgeni wa Kiarabu aliyekaribishwa nyumbani. Lakini majina ya viungo vya mwili, kichwa, jicho, sikio, ulimi, jino, kidole, karibu yote ni ya Kibantu, na ukucha umo katika safu hiyo.

Ila si neno ambalo ndugu zetu wengi wa Kibantu wanalitumia, na hapa ndipo Kiswahili kinapovutia. Mnyarwanda ana urwara mmoja na inzara nyingi. Mganda ana olwala na enjala. Mshona wa Zimbabwe anasema nzara. Ni shina moja la kale, lililotapakaa kutoka Maziwa Makuu hadi kusini ya Zambezi. Sasa sikiliza tena hizo za wingi: inzara, enjala, nzara. Kwa Kinyarwanda, inzara ni njaa pia. Kwa Luganda, enjala ni njaa pia. Kwa Kishona, nzara ni njaa pia. Yanaandikwa sawa, toni ndiyo inayomwambia msikilizaji kama mtu amekatwa kucha au amekosa chakula.

Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Tena kina desturi ya kumeza l: kule Wabemba wanakosema ukwikala, ukufwala na ukufyala, mpwani anasema kukaa, kuvaa na kuzaa, na njala ya wengine kwake ni njaa. (Lubumbashi bado tunasema njala na kuzala, l ikiwa mahali pake.) Kama pwani ingelibaki na shina lile la kale, wingi wa ukucha leo ungelikuwa njaa, bila toni ya kutofautisha. Mama wa Tanga angemwambia fundi amkatie njaa zake. Mimi naona lugha ilikuwa na sababu nzuri ya kulipokea kucha na kuliacha la kale lifie mbali. Lugha hazipendi kuhatarisha neno kama njaa.

Basi kinyume cha mambo ni hiki: pwani iliachana na neno lililokuwa hatarini kuchanganywa na jingine, ikachukua kucha. Kucha iliposafiri hadi Katanga ikakuta hatari mpya, pumzi imepotea na kwacha iko mpakani, na watu wa huku nao wakafanya yale yale, safari hii kwa kuongeza ma-. Anayemlaumu kijana kwa kuharibu aanze na Waswahili wa kwanza.

Neno moja kuhusu lukucha, kwa sababu kuna wasomi wetu wa Lubumbashi wanaopenda kujivuna nayo. Ni kweli kwamba u- ya ukucha ilikuwa lu-. Ulimi kwa Kibemba ni ululimi, kwa Luganda olulimi, kwa Kinyarwanda ururimi, na l ile ndiyo iliyochoka huko pwani. Kwa hiyo anayesema lukucha anatamka umbo ambalo mababu wa Waswahili walilitamka. Lakini hakulihifadhi. Neno lilifika huku likiwa limekwisha kupoteza l, na wasemaji wa Kiluba na Kibemba, ambao lu- kwao ni hai mpaka leo, wakaivisha tena kwa desturi ya nyumbani kwao. Umbo la kale limerudi kupitia mlango wa jirani. Ni jambo la kufurahisha, si la kujigamba.

Kuhusu kile kikundi cha majina chenyewe, ukipita humo utakuta unywele, ukope, unyoya, udevu, ukuni: vitu vyembamba vinavyoishi kwa wingi, ambavyo kimoja peke yake karibu hakina kazi. Ukucha unakaa vizuri humo. Wanaosema kidole kimoja hakivunji chawa wanajua kwamba chawa havunjwi na kidole hata viwe viwili. Huvunjwa kati ya kucha mbili za dole gumba. Methali imetaja kidole, kazi imefanywa na kucha.

Baada ya kesi

Mama wa Tanga nilikutana naye tena kwa mwalimu, akinunulia mjukuu daftari. Nilimweleza habari ya manyumba na manguo. Alisikiliza, akasema, "Haya, lakini kwetu mtoto akisema hivyo anakosolewa," na nadhani ana haki ya kubaki na sikio lake. Hasira ilikuwa imekwisha. Vidole vilikuwa bado vyekundu.

Fundi naye alimwendea mwalimu akitaka kuandikiwa kibao cha kuning'iniza kwenye kisanduku, ili wateja wamjue. Mwalimu akapendekeza UTENGENEZAJI WA KUCHA. Kijana akanitazama mimi. Nikamwambia wateja wake ni watu wa Kenya, Katuba na Kamalondo, na hao hawatasimama barabarani kufafanua kama anauza fedha, anakesha usiku, au anapaka vidole. Aandike MAKUCHA NA VERNI. Akaandika hivyo, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, akaongeza mwenyewe MAONGLE, kwa sababu za bandia ndizo zinazomlipa.